Kutoka Mahakamani hadi Riwayani: Mauaji ya Richmond Hill na Mipaka ya Ubunifu katika Riwaya ya Kihistoria

Utangulizi

Ni kauli iliyozoeleka miongoni mwa wanafunzi wa fasihi kwamba mtunzi huchota malighafi yake katika jamii. Kauli hiyo ni nyepesi kutamka inapohusu harusi, siasa au mila. Huwa nzito pale ambapo malighafi yenyewe ni damu ya mtu: mtu aliyekuwa na jina, aliyeuawa mahali panapojulikana, na ambaye mshukiwa wa kifo chake alisimamishwa kizimbani. Mtunzi anapolichukua tukio kama hilo na kulitia riwayani, ana deni kwa nani? Kwa msomaji anayetaka hadithi? Kwa mwanahistoria anayetaka ukweli? Kwa marehemu asiyeweza tena kusema? Au kwa mshtakiwa, ambaye huenda alisingiziwa?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuirejelea riwaya ya Alias Grace ya mtunzi wa Kanada, Margaret Atwood, iliyochapishwa mwaka 1996. Riwaya hiyo imejengwa juu ya mauaji ya watu wawili yaliyotokea mwaka 1843, na ilipata Tuzo ya Giller nchini Kanada mwaka ilipotoka. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba riwaya bora ya kihistoria kuhusu mauaji haiirudii kazi ya hakimu. Haiulizi tu, 'Nani aliua?' Huuliza pia, 'Nani alisimulia kuhusu mauaji hayo, kwa masilahi ya nani, na nani alinyimwa nafasi ya kusema?' Kwanza yataelezwa matukio yenyewe, kisha kumbukumbu zilizoyahifadhi, halafu mbinu za mtunzi, na mwisho mafunzo kwa riwaya ya Kiswahili.

Kesi ya mwaka 1843

Richmond Hill, kaskazini mwa jiji la Toronto, ilikuwa sehemu ya mashambani katika koloni la Waingereza lililokuja kuwa jimbo la Ontario. Hapo aliishi Thomas Kinnear, bwana mwenye asili ya Uskoti ambaye hakuwa na mke. Nyumba yake ilisimamiwa na Nancy Montgomery, aliyekuwa pia hawara wake. Mnamo Julai 1843 kulikuwa na watumishi wengine wawili, wote wahamiaji kutoka Ireland: James McDermott, kijana aliyetunza farasi, na Grace Marks, msichana wa miaka 16 hivi, ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi mmoja katika kazi hiyo.

Mwishoni mwa mwezi huo Kinnear alisafiri kwenda mjini. Katika kipindi hicho Nancy alipigwa shoka, akanyongwa, na maiti yake ikafichwa chini ya beseni kubwa la kufulia ndani ya sardabu, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Kinnear aliporejea alipigwa risasi. McDermott na Grace walichukua vitu vya thamani, farasi na gari lake, wakaenda Toronto, wakapanda meli na kuvuka Ziwa Ontario hadi Lewiston, katika jimbo la New York, Marekani. Huko walikamatwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba Nancy alikuwa mjamzito.

Kesi ilisikizwa Toronto mwanzoni mwa Novemba 1843. Washtakiwa wote wawili walipatikana na hatia kuhusiana na kifo cha Kinnear, wakahukumiwa kunyongwa. Kwa kuwa hukumu ya kifo ilikuwa imekwisha kutolewa, haikuonekana haja ya kuendelea na shtaka la pili, la kifo cha Nancy. McDermott alinyongwa tarehe 21 Novemba 1843. Kwa upande wa Grace, jopo la raia walioamua kesi lilipendekeza ahurumiwe. Kwa kuuzingatia umri wake mdogo na juhudi za wakili wake, adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa katika gereza la Kingston. Kati ya mwaka 1852 na 1853 alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Toronto, kisha akarudishwa gerezani. Alipewa msamaha mwaka 1872, baada ya karibu miaka 29 ya kifungo, akaenda jimbo la New York. Baada ya hapo nyayo zake zinapotea katika kumbukumbu.

Ifahamike kwamba kesi hii haikuvuma kwa sababu ya ukatili peke yake. Mshtakiwa alikuwa msichana mdogo, mwenye sura ya kupendeza kwa mujibu wa walioandika habari zake. Aliyeuawa alikuwa mwanamke aliyeishi na bwana wake bila ndoa. Aidha, watumishi walikuwa wamewageukia wakubwa wao katika koloni ambalo lilikuwa limetikiswa na uasi wa mwaka 1837, miaka sita tu kabla ya mauaji hayo. Wenye mali waliisoma kesi hiyo kama onyo juu ya watumishi wao. Wengine walimwona Grace kuwa mtoto aliyetishwa na mwanamume katili. Hivyo, hata kabla hukumu haijatolewa, kila tabaka lilikuwa limekwisha kujiundia Grace wake.

Kumbukumbu zinazokinzana

Mwanafunzi anayeanza utafiti wa riwaya ya kihistoria hudhani kwamba kazi ya mtunzi ni kuongeza chumvi ya ubunifu katika mboga ya ukweli iliyokwisha kuiva. Kesi ya Grace Marks inaonyesha kwamba mboga yenyewe huenda ikawa mbichi. Grace alitoa maelezo matatu tofauti kuhusu kifo cha Nancy, na McDermott alitoa mawili. Katika maelezo ya Grace, yeye alitishwa na kulazimishwa. Kwa mujibu wa McDermott, Grace ndiye aliyemchochea na hata kusaidia kumnyonga Nancy.

Jambo moja la kisheria lafaa kusisitizwa hapa. Katika mwaka 1843, mshtakiwa katika koloni hilo hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake mwenyewe. Watu wengine walisema juu ya Grace mbele ya mahakama. Yeye hakupanda kizimbani kujieleza kama shahidi. Maneno yanayodaiwa kuwa yake yamepitia mikononi mwa maafisa, wakili na wachapishaji. Maungamo yake yalichapishwa na kuuzwa kwa watu waliokuwa na kiu ya kujua siri za sardabu ile. Ungamo, ambalo msomaji hulichukulia kuwa sauti ya ndani kabisa ya mtu, lilikuwa tayari bidhaa ya sokoni.

Miaka kumi baadaye aliongezeka msimulizi mwingine. Susanna Moodie, mwandishi aliyezaliwa Uingereza na kuhamia Kanada mwaka 1832, alimwona Grace gerezani na baadaye katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alieleza habari zake katika kitabu Life in the Clearings kilichotoka mwaka 1853. Katika maelezo hayo, Grace ni mwanamke mwenye wivu juu ya Nancy, na ndiye anayemsukuma McDermott kutenda uovu. Moodie anadai kwamba maiti ya Nancy ilikatwa vipande vinne, jambo ambalo halithibitishwi na taarifa za kesi. Hata jina la Kinnear analikosea. Kwa hakika, Moodie alikuwa akisimulia habari iliyokwisha kupita vinywa kadhaa, na aliisimulia kwa mtindo wa hadithi za kutisha uliopendwa na wasomaji wa wakati wake.

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake barazani, lakini ni mwalimu mbaya wa mtafiti. Kuhusu Grace, lililosemwa halikuwa lazima liwepo. Liliandikwa, likarudiwa, na kwa kurudiwa likapata sura ya ukweli. Hii ndiyo hatari ya kwanza inayomkabili mtunzi wa riwaya ya kihistoria: anaweza kudhani kwamba amefikia historia, kumbe amefikia hadithi ya mtu mwingine.

Njia ya mtunzi kutoka mwaka 1974 hadi 1996

Atwood mwenyewe aliwahi kunaswa na hatari hiyo. Mwaka 1970 alichapisha diwani ya mashairi kuhusu maisha ya Susanna Moodie. Baadaye aliandika tamthilia ya televisheni kuhusu kesi ya Grace, iliyoonyeshwa mwaka 1974 kwa jina The Servant Girl, akitegemea maelezo ya Moodie. Alipoirudia kesi hiyo miaka mingi baadaye kwa ajili ya riwaya, alizitafuta kumbukumbu nyingine: taarifa za kesi, magazeti ya wakati huo, na nyaraka za gereza na za hospitali. Ndipo alipotambua kwamba maelezo ya Moodie yalikuwa yamepotoka katika mambo mengi.

Kutokana na tajriba hiyo alijiwekea kanuni, ambayo ameieleza mwishoni mwa riwaya. Pale palipokuwa na ukweli ulio imara, hakuubadilisha. Pale ambapo kumbukumbu zilitoa dokezo tu, au zilikuwa na pengo, alijipa uhuru wa kubuni. Kanuni hii inaonekana rahisi, lakini ina masharti mawili yasiyotajwa sana. Kwanza, inamtaka mtunzi ajue kumbukumbu zake kiasi cha kutofautisha ukweli imara na uvumi uliozoeleka. Pili, inamtaka awe mwaminifu kwa pengo lenyewe, yaani asilijaze kwa namna inayomfanya msomaji aamini kwamba halikuwahi kuwapo.

Mfano mzuri wa utekelezaji wa kanuni hii ni jina la Mary Whitney. Ni jambo la kihistoria kwamba Grace alipofika Lewiston alijiita Mary Whitney. Kwa nini alilichagua jina hilo? Kumbukumbu hazijibu. Katika pengo hilo Atwood anamzaa mhusika kamili: Mary, mtumishi mwenzake Grace katika nyumba ya awali, mcheshi na mwerevu, anayemfunza Grace kazi na maisha. Mary anapata mimba ya kijana wa tabaka la juu, anaachwa, na anafariki baada ya kutolewa mimba hiyo. Kwa hiyo, jina lililokuwa neno moja tu katika taarifa za kesi linakuwa msiba unaobeba dhamira kuu ya riwaya. Anwani yenyewe imetokana hapo: neno 'alias' ni la kisheria, hutangulia jina la pili ambalo mtu hujulikana kwalo. Swali linalobaki ni lipi kati ya majina hayo lililo la bandia. Pengine hata 'Grace' ni vazi alilovishwa na wasimulizi.

Mbinu za usimulizi

Katika riwaya, hadithi inaanza Grace akiwa amekwisha kukaa gerezani miaka mingi. Mwaka 1859 anatumwa kila siku kufanya kazi za ushonaji katika nyumba ya msimamizi wa gereza. Huko anahojiwa na Simon Jordan, daktari wa Marekani anayechunguza maradhi ya akili, ambaye ni mhusika wa kubuni. Kamati ya watu wanaotaka Grace aachiliwe inatarajia kwamba daktari atatoa ripoti ya kumsafisha. Kutokana na hali hiyo yanajitokeza mambo matatu ya kifani yanayostahili kuangaliwa.

Jambo la kwanza ni nafsi ya usimulizi. Sehemu za Grace zimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na msomaji huingia upesi katika mtego wa kumwamini. Hata hivyo Grace anajua kwamba anasikilizwa. Anajua pia kwamba daktari akikosa hamu ya hadithi, mazungumzo yatakoma, na pamoja nayo zitakoma zile saa chache za kukaa katika chumba chenye mwanga badala ya seli. Kwa hiyo huchagua la kusema na la kuficha. Mara nyingine humwambia msomaji jambo ambalo hamwambii daktari. Huyu ndiye msimulizi asiyeaminika. Tofauti na wasimulizi wa namna hiyo wanaodanganya kwa ubaya, Grace ana sababu ambayo msomaji anaielewa: mtumishi na mfungwa hujifunza kusema kile ambacho mkubwa anataka kukisikia. Kimya kingi, waswahili walisema, kina mshindo mkuu.

Jambo la pili ni matumizi ya kinaya katika kumchora daktari. Jordan huleta tunda la tofaa, kisha mboga za mizizi, akitumaini kwamba vitu hivyo vitaiamsha kumbukumbu ya Grace hatua kwa hatua hadi ifike katika sardabu. Anajiona mwanasayansi. Lakini kadiri kazi inavyoendelea, ni yeye anayeporomoka. Anaingia katika uhusiano wa siri na mwanamke mwenye nyumba anamopanga, na hatimaye anatoroka bila kuandika ripoti iliyotarajiwa. Kinaya ni kwamba aliyekuja kuuchunguza moyo wa mtuhumiwa anaukimbia wake mwenyewe. Kupitia kwake mtunzi anamwelekezea msomaji kidole: hamu ya kujua siri za mauaji si hamu safi daima.

Katika kilele cha riwaya, Grace anatiwa katika usingizi wa kuamriwa, ambao wataalamu huuita hipnosia, mbele ya watu wanaotaka ukweli. Sauti inayotoka kinywani mwake inajitambulisha kuwa ya Mary Whitney. Je, ni roho ya marehemu? Ni ugonjwa wa nafsi iliyogawanyika? Ama ni mchezo uliopangwa na Grace na mtu anayemlaza usingizi, ambaye kumbe ni rafiki yake wa zamani, mchuuzi Jeremiah? Kila maelezo yana ushahidi wake ndani ya matini, na hakuna linaloshinda. Riwaya ya upelelezi ingefunga mlango hapo kwa jibu moja. Atwood anauacha wazi.

Jambo la tatu ni ishara ya blanketi la viraka. Kila sehemu ya riwaya imepewa jina la mtindo mmoja wa blanketi hizo, ambazo wanawake wa Amerika Kaskazini walizishona kwa vipande vya nguo kuukuu. Sambamba na viraka hivyo, riwaya yenyewe imeshonwa kwa vipande: madondoo ya magazeti, ya maungamo na ya kitabu cha Moodie, barua za wahusika, na usimulizi wa Grace. Huu ni mwingilianomatini wa wazi. Vipande vya kihistoria na vya kubuni vimewekwa ubavu kwa ubavu, na mshono unaonekana. Msomaji halazimishwi kuamini kwamba kitambaa ni kimoja. Hapa fani inatekeleza maadili: mtunzi anaonyesha alipokata na alipounga.

Nancy Montgomery na tabaka la watumishi

Swali zito kuliko yote ni la marehemu. Riwaya kuhusu mauaji humpenda muuaji, au anayedhaniwa kuwa muuaji, kwa kuwa ndiye mwenye siri. Aliyeuawa hubaki kuwa maiti inayoanzisha kisa. Katika kesi hii dhuluma hiyo ilianzia mahakamani. Kifo cha bwana kilihukumiwa. Kifo cha msimamizi wa nyumba yake, aliyekuwa na mimba, hakikupewa kesi yake. Magazeti nayo yalimkumbuka Nancy zaidi kwa kuishi na mwanamume bila ndoa kuliko kwa kuuawa kwake.

Je, Alias Grace inaifuta dhuluma hiyo? Jibu la haki ni kwamba inaifuta kwa kiasi fulani tu. Nancy wa riwaya anaonekana kupitia macho ya Grace, na Grace hampendi kila siku. Ni mwanamke wa hali mbili: leo anacheka na kumtendea mtumishi wake kama dada, kesho anamkaripia kwa ukali. Hata hivyo msomaji makini hutambua kwamba ukali huo umetokana na woga. Nancy hana ndoa, hana mali, na nafasi yake yote katika nyumba ile inategemea hisani ya bwana. Anapopata mimba, hofu ya kwamba msichana mdogo zaidi atachukua nafasi yake inakuwa na mantiki.

Kwa kuwalinganisha wanawake watatu, dhamira inajitokeza bayana. Mary alipata mimba ya kijana wa tabaka la juu, akafa. Nancy alipata mimba ya bwana, akauawa. Grace, aliyewatangulia wote kwa ukimya, alitazamwa na kutamaniwa na wanaume kuanzia bwana wake hadi daktari wake, akafungwa karibu miaka 29. Wanaume waliowaharibia wawili wa kwanza hawakuulizwa lolote na mahakama. Mauaji ya Richmond Hill, kwa mtazamo huu, ni tukio moja la damu lililotokea ndani ya mfumo uliokuwa ukiwamaliza wanawake watumishi taratibu, bila shoka wala bastola. Ni hoja ambayo mahakama ya mwaka 1843 haingeweza kuisikiza, kwa sababu haikuwa sehemu ya shtaka.

Mwishoni mwa riwaya Grace, akiwa huru, anashona blanketi lake mwenyewe. Ndani yake anaweka kipande cha gagulo la Mary, kipande cha vazi lake la kulalia la gerezani, na kipande cha nguo ya Nancy. Watatu hao wanaunganishwa pamoja. Tendo hilo halisemi kama Grace alishiriki katika mauaji au la. Linasema kwamba aliyekufa na aliyeshtakiwa walikuwa wa kitambaa kimoja.

Mafunzo kwa riwaya ya Kiswahili

Fasihi linganishi haina faida ikiwa mwanafunzi atarudi kutoka safarini mikono mitupu. Msomaji wa Kiswahili aliingizwa katika hadithi za mauaji na Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hukusanya dalili, huziunganisha kwa akili, na mwisho hutoa jibu. Raha ya msomaji ni kuona fumbo likifumbuliwa. Utanzu huo ni wa kubuni, na kanuni zake zinaufaa. Lakini tukio halisi haliwezi kulazimishwa kufuata kanuni hizo, kwa kuwa historia haitoi ahadi ya kufumbua kila fumbo.

Mfano ulio karibu zaidi na Alias Grace ni Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 2003. Riwaya hii imechochewa na matukio yaliyofuata kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972. Shafi hakuiandika kama riwaya ya upelelezi. Uzito wa simulizi umewekwa kwa Hamza na wenzake wanaotiwa kizuizini na kuteswa, na kwa jamaa zao wanaobaki nje wakisubiri. Hapa pia swali la nani aliua linasogezwa kando ili lingine lipate nafasi: dola hufanya nini kwa jina la kumtafuta muuaji? Neno 'haini' lenyewe linafanya kazi kama 'alias'. Ni jina ambalo mtu huvishwa na wenye nguvu kabla ushahidi haujasikizwa.

Tofauti kati ya watunzi hawa wawili ni ya kimbinu, nayo ina maana. Atwood amehifadhi majina halisi: Grace, McDermott, Kinnear, Nancy. Shafi ameyabadilisha. Zaidi ya karne moja na nusu ilikuwa imepita kati ya mauaji ya Richmond Hill na riwaya ya mwaka 1996. Kati ya mwaka 1972 na 2003 ni miaka 31 tu. Wajane, yatima na waliofungwa walikuwa wangali hai, na kidonda kilikuwa kibichi. Kubadilisha majina katika hali hiyo hakupunguzi ukweli wa riwaya. Kunamwezesha mtunzi kuusema ukweli wa mateso bila kumhukumu mtu fulani kwa jina katika mambo ambayo hana uthibitisho nayo. Kadiri tukio lilivyo karibu, ndivyo haki za walio hai zinavyouwekea ubunifu mipaka.

Kutokana na mjadala huu, mwandishi chipukizi anayenuia kuitunga riwaya juu ya mauaji yaliyotokea kweli anaweza kuzingatia mambo yafuatayo. Azisome kumbukumbu zaidi ya moja, na aulize kila moja imeandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Aheshimu lile lililothibitishwa. Abuni katika pengo, lakini asilizibe pengo kwa hukumu. Ampe marehemu maisha kabla ya kumpa kifo. Na ikiwa waliohusika au jamaa zao wako hai, afikirie kwa makini majina atakayoyatumia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba riwaya ya kihistoria kuhusu mauaji haipimwi kwa wingi wa damu wala kwa ustadi wa kumfichua muuaji. Hupimwa kwa namna inavyozishughulikia sauti zilizopotea. Mahakama ililazimika kutoa uamuzi juu ya Grace Marks katika siku chache za Novemba 1843, na kamba ya McDermott haikuruhusu rufani ya wanahistoria. Mtunzi hana ulazima huo. Anaweza kusubiri, kupekua, kusita, na kukiri mbele ya msomaji kwamba hapa ndipo ushahidi unapokomea. Kusita huko si udhaifu wa utunzi. Ni heshima ambayo Grace hakuipata kizimbani, na ambayo Nancy, aliyelala chini ya beseni la kufulia, hakuipata hata kwa kuandikiwa kesi yake.

Maswali ya Kujadili

1. 'Riwaya ya kihistoria ni kitambaa cha viraka.' Jadili kauli hii ukirejelea riwaya yoyote ya Kiswahili uliyoisoma.

2. Linganisha nafasi ya mpelelezi katika Mzimu wa Watu wa Kale na nafasi ya Daktari Jordan katika Alias Grace. Kila mmoja anatuambia nini kuhusu uwezekano wa kuujua ukweli?

3. Je, mtunzi ana haki ya kulitumia jina halisi la mtu aliyehukumiwa kwa mauaji? Toa hoja za kuunga mkono na za kupinga.

4. Chagua mhusika aliyeuawa katika riwaya yoyote. Eleza amepewa maisha kiasi gani kabla ya kifo chake, na jinsi jambo hilo linavyoathiri dhamira ya kazi nzima.